Usiku wa Jumamosi

Ndani ya jalada la msahafu wa nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, mna mstari mmoja wa wino, wino uliokuwa mweusi na sasa umegeuka rangi kama maji ya ukwaju. Herufi zake ni za Kiarabu, maneno yake ni Kiswahili kitupu, kama walivyozoea kuandika wazee wa Mvita. Unasema: amezaliwa binti yetu usiku wa Jumamosi, mwezi 18 Rajabu, mwaka 1361, saa nne. Basi, umekwisha hapo. Aliyeandika ni baba yake bibi yangu, aliyekuwa karani katika Bandari ya Kale. Binti ndiye bibi mwenyewe, ambaye hivi sasa amekaa dirishani akichambua mchicha na kusikiliza redio. Nimeusoma mstari huu tangu utotoni bila ya kunishughulisha. Ulianza kunishughulisha siku nilipotaka kuutia katika kompyuta.

Kazi yangu ni kuandika programu, na nilikuwa nikitengeneza daftari la ukoo wetu, kila mtu na wazazi wake na siku yake ya kuzaliwa. Kisanduku cha tarehe kina nafasi tatu: siku, mwezi, mwaka. Nilikaa mbele yake vidole vikiwa juu ya kibodi, kama mtu aliyebisha hodi kisha akasahau amekuja kwa nani. Kila neno la mstari ule lilijua mahali pake. Kisanduku ndicho kilichokuwa hakijui.

Tuanze na huo usiku. Usiku wa Jumamosi, kwa hesabu ya wazee, si ule unaoifuata Jumamosi bali ule unaoitangulia. Jua likizama Ijumaa na adhana ya magharibi ikatoka, Ijumaa imekwisha, na giza linaloingia ni mali ya Jumamosi. Usiku ndio mama, mchana ndio mwana. Ndiyo maana Ramadhani hutuingilia kwa tarawehe kabla haijatuingilia kwa njaa. Siku ya Kizungu hukatika pahali pengine kabisa, katikati ya giza, saa ambayo mbinguni hakuna alama yoyote ya kumwonyesha mtu kwamba jana imeondoka na leo imefika. Wakati huo hana cha kutazama ila mashine. Kwa hiyo usiku wa Jumamosi saa nne, kwa kalenda ya ukutani, ulikuwa Ijumaa tarehe 31 Julai 1942, saa nne usiku. Lakini programu ya kubadili tarehe, ukiipa 18 Rajabu 1361, inakujibu 1 Agosti 1942, Jumamosi. Hesabu yake haina kosa. Imekosa usiku. Inadhani kila tarehe ya mwezi ina tarehe moja tu ya jua iliyo pacha wake, kumbe zimepishana kama vigae vya paa, kila kimoja kimelalia nusu ya mwenziwe.

Saa zenyewe hivyo hivyo. Tunahesabu saa moja tangu kupambazuka na saa moja tangu kuchwa, na hesabu hiyo imesimama kwa sababu pwani yetu inairuhusu. Mombasa iko kiasi cha nyuzi nne tu kusini ya ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki nusu saa. Jua letu ni mtu wa ahadi. Ungeipeleka hesabu hii London ingevunjika kabla ya miezi mitatu, lakini hapa imetufaa bila ya kuhitaji chuma wala springi. Nimeiweka simu yangu kwa Kiswahili: majina ya siku yakageuka, ya miezi yakageuka, saa haikugeuka. Inaonyesha 7:00, na mimi nasoma saa moja. Macho yangu yamekuwa wakalimani tangu darasa la kwanza na hawajawahi kulipwa.

Wala juma letu si jepesi kama linavyoonekana. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, tunakwenda hivyo hadi Jumatano, ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano vilevile, maana Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Siku mbili za tano, moja ubavuni mwa nyingine, na hakuna mtoto wa Kibokoni aliyewahi kuchanganyikiwa kwa ajili hiyo. Mwandishi wa programu atatambua jambo hili mara moja, kwani naye anaishi na lugha za kompyuta ambazo nyingine zinaanza kuhesabu siku kwa sufuri na nyingine kwa moja, nyingine Jumapili na nyingine Jumatatu. Na miezi? Mwarabu anaanza mwaka kwa Muharamu. Mswahili alipokea miezi ile ile kumi na miwili, akayaacha majina ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani, kisha akaihesabu iliyobaki kuanzia siku mfungo unapofunguliwa: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa. Muharamu ukawa Mfunguo Nne. Waswahili walikuwa wamechagua mahali pa kuanzia hesabu yao, wala hawakuliangalia jua wala kiti cha mfalme yeyote. Walianza pale watu wanapokula pamoja baada ya mwezi wa subira.

Kompyuta nayo ina mahali pake pa kuanzia. Nyingi ya mashine tunazotumia, kwa urithi wa mfumo wa Unix, hazijui tarehe hata kidogo. Zinajua nambari moja tu, hesabu ya sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, ile iitwayo UTC. Siku, mwezi, mwaka, saa, vyote hivyo ni nguo zinazovishwa nambari hiyo inapotoka nje kukutana na watu. Usiku ule Mombasa ilikuwa saa tisa, Alhamisi, saa ya wavuvi kutazama maji. Nilitaka kujua mwezi ulikuwa wa ngapi, nikapiga hesabu, nikapata 22 Mfunguo Mosi 1389. Nilibaki nikiitazama skrini kwa muda. Dunia nzima ya mashine, yenye benki zake na ndege zake na jumbe tunazotumiana usiku, imefunguliwa hesabu yake katika Mfunguo Mosi, na aliyeifungua hakuwa na habari.

Aliyezaliwa kabla ya hapo anaandikwa kwa hasi. Bibi yangu, katika lugha hiyo, ni hasi 865,313,100. Nilimsomea. Akainua uso kutoka kwenye mchicha, akasema, "Hini ndiyo siku yangu?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ni sekunde zilizokuwa zimebaki kufika 1970. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza zimehesabiwa na nani.

Swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Ili kuipata nambari ile ilinibidi nifungue faili ambalo karibu kila simu na kila seva duniani inalibeba, daftari la kanda za saa lililoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na ambalo hadi leo linatunzwa na watu wa kujitolea. Mombasa haimo. Limo jina Africa/Nairobi, na jina hilo moja limebeba Kampala, Dar es Salaam, Mogadishu, Djibouti, hata Antananarivo ng'ambo ya bahari. Chini yake ipo mistari michache inayosimulia jinsi saa ya Kenya ilivyosukumwa huku na huku. Hadi Mei 1908, jua la Nairobi lenyewe, saa 2 na dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha saa mbili na nusu. Mwaka 1928, saa tatu. Januari 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu. Ilipoingia 1937, saa mbili na dakika 45. Na mwisho, usiku wa kumalizika tarehe 31 Julai 1942, ikawa saa tatu, na hapo ndipo ilipotua mpaka leo.

Niliusoma mstari huo wa mwisho mara tatu. 31 Julai 1942. Saa mbili baada ya bibi kulia kilio chake cha kwanza, saa za nchi nzima zilirushwa robo saa mbele. Dakika kumi na tano za kwanza za tarehe 1 Agosti 1942 hazikuwahi kuwako Kenya. Hakuna aliyezaliwa ndani yake, hakuna aliyekufa. Nilimuuliza bibi kama mamake aliwahi kumwambia habari hiyo. "Hakunambia habari ya saa," alisema. "Alinambia kusi ilikuwa ikivuma, taa ikizimika kila mara, ikawa yule mkunga aliweka mkono wake mbele ya utambi." Robo saa ikapotea Kenya nzima, na katika chumba kile kilichokumbukwa ni kiganja cha mwanamke kilichokinga moto.

Mtu atasema robo saa ni nini. Katika nambari ni sekunde 900: ukisahau kwamba Kenya ya jioni ile ilikuwa bado katika saa mbili na dakika 45, bibi anahamia hasi 865,314,000 na hakuna kengele itakayolia. Faili lenyewe linakiri kwamba habari zake za kabla ya 1970 hazina dhamana, na ukweli huo naupenda. Lakini robo saa si shida yangu kubwa. Shida yangu ni ile saa nne. Babu aliyeuandika mstari ule alikuwa karani wa forodhani; mchana wake ulikuwa wa saa ya Kizungu, ya manifesti na mihuri, na jioni yake, akipanda kutoka bandarini kuja nyumbani, ilikuwa ya adhana. Saa nne aliyoiandika aliisoma wapi? Kama ni ya saa ya mfukoni, ni saa nne kamili. Kama aliihesabu tangu magharibi, jua la jioni ile, kwa hesabu yangu, lilizama Mombasa yapata dakika kumi baada ya saa kumi na mbili, basi saa nne yake ni ya dakika kumi baadaye. Au pengine hakutazama chochote. Saa nne ni isha imeswaliwa, watu wamekula, vichochoro vimetulia, na mwezi wa kumi na nane ndiyo kwanza umepanda upande wa Nyali. Nambari inataka sekunde. Mstari ule haukuwahi kuahidi sekunde, na mimi, kwa kuutafsiri, nilikuwa nikimlazimisha mzee kuapa juu ya kitu ambacho hakukisema.

Na huo mwezi 18, ni wa nani? Kompyuta inapiga hesabu ya Hijria kwa mzunguko wa miaka thelathini, ambayo kumi na mmoja ndani yake imeongezewa siku moja, au inafuata kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia. Haipandi juu ya paa kutazama. Sisi tunatazama, na kwa kutazama tunahitilafiana: wako wanaongoja mwezi uonekane hapa petu na Kadhi Mkuu atangaze, wako wanaotosheka na mwezi ulioonekana popote duniani, na iko miaka ambayo kichochoro kimoja huwa na Idi mbili. Aliyezoea kompyuta huliita jambo hili fujo. Mimi naona ni tarehe yenye mashahidi. Na waandishi wa zamani walijua udhaifu wake, ndiyo maana hawakuandika mwezi peke yake bali waliufunga na siku ya juma, kwa sababu mwezi unaweza kubishaniwa lakini Jumamosi haibishaniwi. Hata Papa alipofuta siku kumi mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15, juma halikuguswa. Siku ya juma ni nanga. Jumamosi ya babu na hesabu ya kompyuta zimekutana pamoja juu ya 18 Rajabu, na kwa kukutana huko najua mwezi ulioandikwa ulikuwa wa kweli.

Nanga hiyo hiyo inashika hata mbali zaidi. Kutoka juu ya paa letu unaziona kuta za Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, na kila nikiziona huikumbuka tarehe iliyoitangulia, Jumamosi 7 Aprili 1498, jioni ambayo merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Hiyo ni tarehe ya kalenda yao ya zamani. Kwa kalenda ya leo ni 16 Aprili. Niliigeuza nikapata 14 Shaabani 903, ikizidi au kupungua siku moja. Tena ilikuwa jioni! Jua lilipozama, kwa watu wa mjini ikaingia kumi na tano, usiku wa nusu Shaabani, na kwa wale waliokuwa majini ikaingia mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kila upande ulikuwa katika usiku wake mtukufu, juu yao mwezi mpevu mmoja, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe leo ni tarehe ngapi wakaelewana.

Manahodha wa pwani walikuwa na hesabu ya tatu. Mwaka wa mwezi hurudi nyuma yapata siku kumi na moja kila jua linapomaliza mzunguko wake, na upepo haufuati mwezi. Kaskazi na kusi ni watoto wa jua. Basi mabaharia walihesabu tangu Nairuzi, Siku ya Mwaka, miongo ya siku kumi kumi, thelathini na sita, na siku tano za juu yake, jumla 365. Robo ya siku waliiacha. Bandu bandu huisha gogo: kila miaka minne Siku ya Mwaka ilirudi siku moja, na leo watu wa Makunduchi, Unguja, wanauoga mwaka wao mwezi wa Julai. Sioni aibu kwa manahodha, maana wenzangu wamefanya lile lile kwa macho makavu. Walizipa sekunde zile chumba chenye biti 32, na chumba hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038, nambari itakapofika 2,147,483,647. Hapa Mombasa itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, dakika kama nane kabla jua halijachomoza. Mashine itakayokuwa haijarekebishwa itarudi ghafla hadi Desemba 1901, mwezi ambao reli iliyoanzia kisiwani kwetu ilifika Ziwa Viktoria. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jogoo wa Kibokoni hawatahisi kitu.

Kitambulisho cha bibi kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1942. Wazee wengi wa umri wake wana siku hiyo hiyo. Karani aliyejaza fomu alisikia mwaka, akakuta nafasi mbili tupu, akazijaza. Hakukusudia kudanganya, karatasi ilikuwa haikubali mtu aliyezaliwa usiku wa Jumamosi. Tangu hapo kila mashine imeamini, na kila ifikapo Januari mosi simu yake huingia ujumbe wa heri, naye huniuliza, "Huyu ananitakia heri ya siku ya nani?" Hili linaniuma, na linaniuma kwa sababu nimo katika kazi hiyo. Nimewahi kuandika visanduku kama vile. Nimewahi kuifanya programu ikatae kwenda mbele mpaka mtu aseme siku asiyoijua.

Katika daftari la ukoo nimeviondoa. Mahali pake nimeweka nafasi moja ya maneno, na ndani yake mstari wa babu umekaa kama alivyouandika, bila ya kuguswa. Kando yake zipo nambari mbili, ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa, ili mashine ipate kumpanga bibi baada ya kakake na kabla ya mdogo wake, na pia mahali, Mombasa, na hesabu iliyotumika kuzipata. Akija mtu kesho na ujuzi zaidi wa jioni ile, atazibadilisha nambari. Maneno hatayagusa. Nafanya vivyo hivyo kwa mambo yajayo: harusi ya Idi inaandikwa Idi Mosi baada ya alasiri, na sekunde zake zitangoja mpaka mwezi uonekane.

Leo ni Alhamisi, na bibi amefunga, kama afungavyo kila Jumatatu na Alhamisi. Mchicha uko jikoni, redio imezimwa, nje kichochoro kimekuwa cha buluu. Simu yangu imelia kwanza. Inapiga hesabu ya jua kwa latitudo na longitudo, na haijui kama kuna mawingu. Halafu adhana imetoka upande wa msikiti wa Mandhry. Ya pili imeinuka Kuze, ya tatu nyuma yetu, moja ikianza kabla nyingine haijamaliza tamko la kwanza, kila mwadhini na saa yake. Ijumaa imeingia, au inaingia. Bibi ana tende baina ya vidole viwili. Hajaitia kinywani. Uso ameuelekeza kwenye msikiti mdogo wa pembeni, ambao kipaza sauti chake ndiyo kwanza kinakohoa, na anangojea wa kwake.